Neno Moja Lingeokoa Ekari ya Baba

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wazee wetu. Lakini wazee hao hawakutuambia lolote kuhusu kujikwaa kwa kalamu. Katika makala haya nataka kuwasimulia wasomaji jinsi kalamu ya mtu mmoja ilivyojikwaa mjini Kitale mwanzoni mwa mwaka 1975, na jinsi kujikwaa huko kulivyoigharimu nyumba yetu ekari nzima ya shamba la mahindi.

Jambo lenyewe lilianza kwa karo. Mwishoni mwa mwaka 1974 nilifanya mtihani wa CPE, ule uliokuwa na karatasi tatu tu: Kiingereza, hesabu na maarifa ya jumla. Kiswahili hakikutahiniwa siku hizo; kilingoja hadi mtihani wa KCPE ulipoanza mwaka 1985. Nilipita, nikaitwa kidato cha kwanza katika shule moja ya bweni wilayani Bungoma. Furaha ilijaa nyumbani kwa siku mbili. Siku ya tatu baba akaanza kuhesabu vidole vyake, na kila alipomaliza alianza tena.

Fedha hazikuwapo. Kilichokuwapo ni shamba, nje kidogo ya mji wa Kitale. Baba akapatana na jirani yetu kwamba jirani alime ekari mbili kwa mavuno matatu, kisha shamba lirudi kwa mwenyewe. Bei ilikuwa shilingi 900. Kwa kuwa wote wawili hawakujua kusoma, walikwenda mjini kwa karani mmoja aliyekaa barazani na mashine yake ya kupiga chapa, akiwaandikia watu barua na mapatano kwa malipo madogo. Wakamweleza kwa Kiswahili. Yeye akaandika kwa Kiingereza, maana siku hizo karatasi ya Kiingereza ilionekana kuwa na nguvu zaidi kuliko karatasi nyingine yoyote.

Karani yule aliandika kwamba baba yangu “has given out” ekari mbili kwa jirani kwa jumla ya shilingi 900. Basi. Mavuno matatu hayakutajwa. Baba akatia alama ya kidole gumba, jirani akatia yake, wakapeana mikono. Mimi nikapata karo.

Ijumaa za kupukuchua

Safari ya kutoka Kitale hadi Bungoma ilitupitisha Kiminini na Kamukuywa, tukateremka hadi Webuye, kisha tukaingia njia ya Bungoma. Nilikuwa na sanduku la bati, blanketi moja na Kiingereza cha kuokoteza. Niliweza kusema jambo lolote kwa lugha hiyo, mradi msikilizaji awe na subira. Sikujua neno la “mjane”, kwa hiyo nilisema mwanamke ambaye mume wake amekufa. Sikujua neno la “yatima”, nikasema mtoto ambaye hana baba wala mama. Kila neno nililolikosa nililizunguka kama mtu anayezunguka dimbwi la matope, na mwisho wa insha nilikuwa nimechoka kwa mwendo bila ya kufika mbali.

Mwalimu wetu wa Kiingereza aliuona ugonjwa huo mara moja, kwani darasa zima lilikuwa nao. Dawa yake ilikuwa ya kila Ijumaa. Alichukua sentensi 10 kutoka katika insha zetu wenyewe, bila kutaja majina, akaziandika ubaoni. Alipiga mstari chini ya kila kifungu kirefu, nasi tulitakiwa tulete neno moja tu lishike mahali pake. “Majuma mawili” ikawa “fortnight”. “Mtu anayechunga kondoo” akawa “shepherd”. “Kuahirisha” tulikuwa tukisema kwa maneno sita, tukafundishwa “postpone”.

Siku moja alikuja darasani na gunzi la mahindi mfukoni. Akatuuliza kwa Kiswahili, ingawa shuleni Kiswahili kilikatazwa isipokuwa katika kipindi chake, “Mkiondoa punje kwenye gunzi kwa vidole, mnafanyaje?” Sote tukajibu kwa sauti moja, “Tunapukuchua!” Akacheka. Akasema, “Vizuri. Hamkuniambia kwamba mnatoa zile mbegu ndogondogo kutoka kwenye kile kitu kilichobaki katikati. Mmesema neno moja, nami nimeona kila kitu. Basi sasa tuzipukuchue hizi sentensi.” Tangu siku hiyo kipindi cha Ijumaa kikaitwa kupukuchua.

Alikuwa na kitabu kimoja kilichochakaa majani, First Aid in English, kazi ya Mskoti Angus Maciver, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1938. Watu wengi wa rika langu waliosoma Afrika Mashariki watakikumbuka. Humo mlikuwa na orodha ndefu: majina ya watoto wa wanyama, makazi yao, sauti zao, majina ya makundi. Wenzangu wengi walizikariri orodha hizo kama kasuku. Mwalimu wetu hakutaka hivyo. Alisema orodha ni ghala, na hakuna ashibaye kwa kutazama ghala.

Kwa kila neno alitutaka tujiulize maswali matatu. Kwanza, je, neno hili limebeba maana yote ya kile kifungu kirefu? Pili, je, limebeba kitu cha ziada ambacho hatukukusudia? Tatu, je, anayesoma atalielewa? Neno likishindwa swali moja, liachwe, na maneno mengi yarudi kazini.

Swali la pili lilinifunza jambo ambalo sijalisahau. Ijumaa moja ubaoni palikuwa na kifungu “mtu asiyejua kusoma wala kuandika”. Nilikuwa wa kwanza kunyosha mkono. Nikatoa neno “illiterate”, nikapigiwa makofi. Usiku ule kitandani nikamkumbuka baba yangu. Neno lilikuwa sahihi. Hakujua kusoma wala kuandika. Lakini aliweza kushika udongo kiganjani akakuambia utafaa mahindi au alizeti, na aliweza kukumbuka deni la kila mtu kwa miaka 10. Hayo yote hayamo katika neno lile. Neno moja huonyesha upande mmoja, na mara nyingi huo ndio upande tunaoutaka. Lakini anayelitumia akumbuke kwamba mtu ana pande nyingine.

Swali la tatu nalo lilitukomesha majivuno. Kulikuwa na vijana waliodhani kwamba neno moja maana yake ni neno kubwa. Waliacha “buy” wakaandika “purchase”, wakaacha “begin” wakaandika “commence”, wakajiona mawakili. Mwalimu aliwafutia. Alituambia kwamba hata Waingereza wenyewe wameugua ugonjwa huo, na kwamba mwandishi wao George Orwell aliwaonya mwaka 1946 wasitumie neno refu mahali ambapo fupi linatosha.

Wakati huohuo alitueleza habari za Mwingereza mwingine, C. K. Ogden, ambaye mwaka 1930 alitangaza Kiingereza cha maneno 850 tu, chenye vitenzi 18, ili mataifa yote yakijifunze upesi. Katika Kiingereza hicho mtu haingii, huenda ndani. Hapandi, huenda juu. “Kwa kuomba maji hotelini kinatosha kabisa,” alisema mwalimu. “Lakini msikubali kuandikiwa hati ya shamba kwa Kiingereza cha maneno 850.”

Darasa lilicheka. Hata mimi nilicheka, kwa kuwa sikuwa nimeiona hati ya baba.

Baraza la mwaka 1978

Jirani yetu alifariki dunia mwaka 1977, baada ya kuvuna mara tatu. Alikuwa mtu mwema, na naamini kwamba kama angaliishi mambo yasingaliharibika. Mwanzoni mwa mwaka 1978 wanawe walileta trekta wakalima ekari zile mbili kwa mara ya nne. Baba alipowauliza wakamwonyesha karatasi. Walisema marehemu baba yao alizinunua.

Shauri likapelekwa mbele ya wazee. Hakuna upande uliotaka kwenda mahakamani, na sababu yake ilikuwa wazi: sheria ya mwaka 1967 ilitaka kila mapatano ya kuuza au kukodisha shamba yapate idhini ya bodi ya ardhi, nao wote wawili hawakuwa wameiomba. Nilikuwa kidato cha nne, nimekuja nyumbani likizoni. Pale chini ya mti hakukuwa na mtu mwingine aliyesoma kunizidi. Mzee aliyeongoza baraza akanipa ile karatasi.

“Kijana,” akasema, “wewe umesoma Bungoma. Tusomee, kisha utuambie neno hili lina maana gani. Ameuza ama hakuuza?”

Nikasoma. Nilipofika kwenye “has given out” ulimi ukanikauka. Nilijua mara moja neno ambalo lilipaswa kuwa pale. Mwalimu alikuwa ametufunza tofauti zake: baiskeli ya siku moja ni “hire”, nyumba ya mwezi kwa mwezi ni “rent”, na shamba la miaka iliyotajwa kwa mapatano ni “lease”. Neno hilo lenye herufi tano lingemaliza shauri lile kabla halijaanza. Halikuwamo. Mahali pake palikuwa na maneno mawili malegevu ambayo yaweza kuwa kugawa, yaweza kuwa kutoa, yaweza kuwa kukodisha, na mtu akitaka sana, yaweza kuwa kuuza.

Msomaji, naomba uelewe nilikuwa wapi. Nilikuwa mtu pekee mahali pale aliyekijua Kiingereza vya kutosha. Kama ningesema kwamba maana yake ni kukodisha tu, hakuna ambaye angenipinga. Baba alikuwa akinitazama. Karo niliyosomea ilitoka katika ekari zile zile. Na tena nilijua kwa hakika kwamba baba alikodisha, hakuuza. Nisingekuwa nikisema uongo kuhusu shamba, ningekuwa nikisema uongo kuhusu neno tu.

Nilisema kweli. Nilisema kwamba maneno yale hayaamui. Kwamba yaweza kuchukuliwa hivi ama vile. Na kwamba lipo neno la kukodisha katika Kiingereza, lakini aliyeandika hakuliandika.

Wazee wakanong'onezana kwa muda mrefu. Baadhi yao walisema shilingi 900 ni kidogo mno kwa kununua ekari mbili, nao walikuwa na haki. Wengine walisema karatasi ni karatasi. Mwisho wakaamua kama wazee wanavyoamua mara nyingi wasipotaka majirani wachomeane nyumba: ekari moja irudi kwa baba, na moja ibaki kwa wana wa marehemu.

Tulirudi nyumbani kimya. Nilingoja anikemee. Tulipofika mtoni baba akasimama, akasema, “Mwanangu, lile neno ambalo halikuwamo. Lisema tena.” Nikalisema. Akalirudia mara mbili tatu, kwa matamshi yake, kisha tukavuka.

Kiswahili nacho kina ghala lake

Baada ya siku ile nilianza kukitazama Kiswahili kwa jicho lingine. Kama mapatano yale yangeandikwa kwa Kiswahili, je, tungeokoka? Jibu langu ni kwamba tungeokoka, lakini kwa sharti moja: anayeandika awe anakijua.

Kiswahili hutofautisha kukodi na kukodisha. Anayetoa fedha ili atumie, huyo amekodi. Mwenye mali aliyeruhusu, huyo amekodisha. Silabi moja inaonyesha shamba ni la nani. Hali kadhalika kukopa na kukopesha, kununua na kuuza, kuweka rehani na kukomboa. Lakini mtu akisema “nimempa shamba”, amerudi kulekule kwa karani wa Kitale.

Wengi wetu hudhani kwamba Kiingereza ndicho lugha ya maneno mahususi, na lugha zetu ni za kuzunguka. Si kweli hata kidogo. Mwingereza anayetaka kusema “sitamlipia” anahitaji maneno sita. Siku inayofuata kesho anaieleza kwa maneno manne, sisi tunasema kesho kutwa. Na siku ya baada ya hiyo tunayo mtondo, ambapo yeye hana budi kuhesabu kwa vidole. Mwanamke wa Kiswahili ana wifi na ana shemeji. Mwingereza huwatambulisha kwa sheria. Dada wa baba ni shangazi na dada wa mama ni mama mdogo au mama mkubwa, lakini Mwingereza huwaita wote “aunt” na kukuacha ukisie.

Na hapa Trans Nzoia, nchi ya mahindi, nani atuambie kwamba hatuna maneno? Tunapalilia, tunavuna, tunapukuchua, tunapepeta, tunakoboa, tunatwanga, tunasaga, tunaparaza. Punje zilizovunjika ni chenga, na maganda yanayobaki baada ya kutwanga ni wishwa. Ng'ombe dume ni fahali, na akihasiwa ni maksai. Lakini vijana wetu leo husema “kutoa mahindi”, “kusafisha mahindi”, “kufanya mahindi yawe unga”. Kitenzi “kufanya” kimekuwa mtumishi wa kila kazi. Wale wanaoazima kalamu kwa Kiingereza husema “borrow me”, kwa kuwa hawajui kwamba anayetoa na anayepokea wana vitenzi viwili tofauti katika lugha hiyo. Ugonjwa ni uleule, umebadilisha tu nguo.

Tena kuna maneno ambayo hayana mwenzake popote. Miaka ya baadaye, nilipokuwa nikifundisha, mgeni mmoja kutoka Ulaya aliniuliza watu wale wote waliokusanyika katika boma moja la Bungoma walikuwa wakifanya nini. Nikamjibu kwamba ni kumuse. Akaniomba neno la Kiingereza. Sikulipata. Nikalazimika kumweleza kwamba Mbukusu mzee wa heshima akifa, siku chache baada ya mazishi watu hukutanika, na msemaji mwenye kipawa hicho, ambacho hufuata ukoo, hutembea kati yao akisimulia historia ya watu wao, akiwaliwaza waliofiwa na kuwaonya walio hai. Nilitumia dakika nzima. Mbukusu hutumia silabi tatu. Hapo jaribio la mwalimu wangu linatoa jibu moja tu: neno libaki kama lilivyo, na mgeni ajifunze.

Ushauri wangu

Mtihani wa CPE ulikwisha mwaka 1984, na ule wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mitaala hubadilika, lakini zoezi la Ijumaa halihitaji mtaala. Linahitaji daftari. Mtoto achukue insha yake mwenyewe ya juma lililopita, apige mstari chini ya kila mahali alipozunguka, atafute neno, kisha alipitishe katika yale maswali matatu. Kwa Kiingereza kamusi ziko tele. Kwa Kiswahili tunayo Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981, nayo si ya kupamba kabati la mwalimu mkuu. Na kwa lugha ya nyumbani, kamusi ni bibi na babu. Waulizwe kabla hawajaondoka.

Wazazi nao wakumbuke jambo moja. Kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote ya shamba, nyumba au mkopo, muulize aliyeiandika: ni neno gani moja linaloeleza tunachofanya hapa? Ni kuuza? Ni kukodisha? Ni rehani? Akishindwa kulitaja, au akaanza kuzunguka, weka kidole chako mfukoni.

Baba yangu hakuhitaji kuambiwa hivyo mara mbili. Serikali ilipoanzisha Idara ya Elimu ya Watu Wazima mwaka 1979, alikuwa miongoni mwa wazee wa kwanza wa kijiji chetu kujiandikisha. Alikaa katika dawati la watoto, magoti yakigonga mbao, na vijana walimcheka wakimwita ngumbaru. Hakujali. Mwaka 1983 ndugu yangu mdogo aliitwa kidato cha kwanza, nayo fedha, kama kawaida, hazikuwapo. Baba akaamua kuikodisha ile ekari iliyorudi.

Safari hii alitaka karatasi iandikwe kwa Kiswahili, na idhini ya bodi iombwe. Mimi nilikuwapo. Karani, ambaye si yule wa zamani, alipomaliza kupiga chapa alimpa baba asome. Baba akafuata mistari kwa kidole, taratibu, midomo ikicheza. Akafika mahali akasimama.

“Hapa umeandika ‘ametoa shamba’,” akamwambia karani. “Futa. Andika ‘amekodisha’. Na baada yake andika mavuno ni mangapi.”

Karani akafuta, akaandika. Baba akaisoma tena tangu mwanzo, kisha akaomba kalamu, akaandika jina lake.